Mimba ina tarehe yake, chuo kinashtuka nini?

Katika mambo yote yanayoweza kumkuta mwanachuo akiwa katikati ya masomo, ajali, msiba, kuugua ghafla, ada kukwama, hamna linalotoa taarifa mapema kama mimba. Mimba inahesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mtu akienda kliniki siku ya kwanza tu anaandikiwa kwenye kadi tarehe ya matarajio. Sawa, watoto wengi hawaji siku ileile iliyoandikwa, wanapishana siku kadhaa au hata wiki mbili, lakini bado unajua ni mwezi gani na ni kipindi gani cha semista. Na ratiba ya mwaka wa masomo nayo inatoka mapema, tarehe za testi, za mafunzo kwa vitendo, za mitihani ya mwisho, zote zipo ubaoni. Yani ukichukua hizo karatasi mbili ukaziweka pamoja mezani, kila kitu unakiona. Ila mimi sijawahi kuona ofisi ya chuo ikiziweka pamoja.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa kiongozi wa darasa, na mwenzetu mmoja akanifuata wiki ya pili tu ya semista. Mimba ilikuwa na wiki 24, kadi yake inaonyesha matarajio yanaangukia katikati ya mitihani ya mwisho. Alikuwa na wiki 16 za kujipanga na alikuja mapema makusudi, akaniomba twende wote ofisini kwa sababu alikuwa anaona aibu kwenda peke yake. Kwa ratiba ilivyokuwa, mitihani iliyokuwa inagongana na matarajio ilikuwa miwili tu, ile mingine ilikuwa wiki ya kwanza na angeweza kuifanya akiwa na tumbo lake. Tulichoomba ni hiyo miwili afanye baadaye. Tukaambiwa mtihani maalumu, ule tunaouita spesho, ni wa mgonjwa mwenye barua ya hospitali au aliyefiwa, na mimba siyo ugonjwa. Af yule mama wa ofisini akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ahirisha mwaka, nenda ukalee, masomo yapo tu hayakimbii."

Naomba nikae hapa kwenye hili neno kuahirisha mwaka, coz watu wengi wanalisikia kama msaada na hata waliomwambia waliamini wanamsaidia. Mwili wa mzazi baada ya kujifungua unahesabiwa kama wiki sita kurudi sawa, aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuhitaji zaidi, hapaswi kubeba vitu vizito na kidonda kinahitaji uangalizi. Hizo ni wiki. Chuo kinampa mwaka. Kwanini mwaka? Siyo kwamba mtoto anahitaji mwaka, ni kwamba kosi nyingi zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka na kosi ya mbele inadai uwe umefaulu ya nyuma, kwa hiyo ukikosa kipande kimoja unasubiri mzunguko mzima urudi tena. Ndani ya huo mwaka mkopo unasimama, chumba cha hosteli anapewa mwingine, kitambulisho kinaisha muda, darasa ulilokuwa nalo linasonga mbele na ukirudi unakaa na watu usiowajua. Na kule nyumbani unakuwa siyo mwanafunzi tena, unakuwa mama wa mtoto ambaye yupo tu, kwa hiyo kazi zote zinakuangukia na hela ya kurudi inatumika kwa mambo mengine. Hamna aliyemfukuza. Hamna barua. Ukienda kutafuta kwenye mafaili ya chuo utakuta imeandikwa ameahirisha kwa hiari yake.

Tumezoea kuongelea hili jambo kwa habari ya shule za chini, na ni kweli vita kubwa imepiganwa kule. Kenya waliweka utaratibu wa wasichana kurudi shule baada ya kujifungua tangu 1994, Zambia 1997. Sierra Leone walikuwa wamewakataza wenye mimba kuingia madarasani, Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikatoa hukumu dhidi ya hilo katazo Desemba 2019 na serikali ikaliondoa Machi 2020. Tanzania tamko la kuruhusu wanafunzi waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi lilitolewa na Waziri Joyce Ndalichako tarehe 24 Novemba 2021. Hizo ni hatua za kweli na zimebadilisha maisha ya watu. Lakini huku vyuoni tunaona kama hazituhusu, kwa hoja kwamba mwanachuo ni mtu mzima, hakuna aliyemkataza kuzaa, wengine wana ndoa zao kabisa. Na kwa kuwa hakuna katazo tunadhani hakuna tatizo. Mimi naona kinyume. Katazo likiwepo unalijua, unalipinga, unaenda mahakamani. Ratiba ukaishtaki wapi?

Kuna kitu kinaniuma zaidi kila nikikifikiria. Chukua darasa moja lenye wajawazito wawili, mmoja ni mwalimu anayefundisha na mwingine ni mwanafunzi aliyekaa mbele yake, mimba zao zina wiki sawasawa. Mwalimu ni mfanyakazi, kwa hiyo anaingia kwenye mambo ambayo dunia imeshakubaliana muda mrefu, Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na ndani yake wiki sita baada ya kujifungua ni za lazima, na akirudi apewe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Mwanafunzi hana mwajiri. Siyo mfanyakazi wa mtu. Kwa hiyo yote hayo yanampita pembeni, japo tumbo ni lilelile, leba ni ileile na maziwa yanajaa vilevile. Huyu mmoja nafasi yake kazini inalindwa na yule mwingine anaambiwa aje mwakani, na walikuwa chumba kimoja.

Wapo walioliona hili pengo mapema. Marekani wana sheria inaitwa Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye taasisi za elimu zinazopokea hela za serikali kuu, na kanuni zake za 1975 ziliitaja mimba moja kwa moja: mwanafunzi aruhusiwe kukosa masomo kwa muda wote ambao daktari ameona unahitajika, na akirudi arudishwe kwenye nafasi aliyokuwa nayo alipoondoka. Sisemi kwamba kule kila chuo kinaitekeleza vizuri, ila angalia ilivyoandikwa. Anayepima urefu wa mapumziko ni daktari, kalenda ya chuo haiingii hapo. Na anarudi pale alipoachia. Hayo maneno mawili matatu tu yangetosha kumfanyia mwenzetu kila alichoomba.

Sasa tuje kwenye mimba yenyewe, maana wapangaji wengi wa mambo wanafikiria tumbo kubwa. Wanawaza mama mzito anayepanda ngazi kwa shida, basi wamwekee kiti. Kiti ni kizuri, kiwepo. Lakini kwa wengi kipindi kinachoharibu masomo ni kile ambacho hamna anayeona kitu, kuanzia kama wiki ya sita mpaka ya kumi na kitu, kichefuchefu kinachokuja saa yoyote hata kama watu wanakiita cha asubuhi, uchovu wa kulala mezani, wengine wanatapika mpaka wanalazwa na kuwekewa dripu. Na ndo kipindi ambacho msichana hajamwambia mtu, pengine hata mwenyewe bado anapiga hesabu ya siku. Daftari la mahudhurio linasomeka hayupo, hayupo, amechelewa. Lekcha anaandika mvivu kichwani mwake. Ikifika wiki ya 20 tumbo linaonekana na kila mtu anaanza kumhurumia, lakini asilimia za mahudhurio zimeshashuka na koswek, yani alama za kazi za semista kabla ya mtihani wa mwisho, imeshaharibika na huruma hairudi nyuma kuzirekebisha.

Na kuna la hatari zaidi, maabara. Viungo vya mtoto vinatengenezwa katika wiki za mwanzo kabisa, kabla tumbo halijaonekana, na hizo ndizo wiki ambazo mwanafunzi wa kemia anavuta mvuke wa viyeyusho, wa udaktari anakata maiti zilizohifadhiwa kwa formalini, wa radiolojia yuko karibu na mashine ya eksirei. Huyu anahitaji mtu mmoja ndani ya chuo wa kumwambia siri yake mapema na ikabaki siri, na huyo mtu awe na uwezo wa kumhamishia zoezi lingine bila kuandika sababu kwenye fomu inayopita meza tano. Kama njia pekee ya kujilinda ni kutangaza mimba mbele ya fundi wa maabara na wenzake 12 kwenye kundi, atakaa kimya. Ningekuwa mimi ningekaa kimya pia.

Kliniki nayo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani tangu 2016 ni mama akutane na mhudumu wa afya angalau mara 8 katika mimba moja. Ukizigawa utaona nyingi ziko miezi mitatu ya mwisho, karibu kila wiki mbili, na siku za kliniki mara nyingi hupangiwi unavyotaka wewe. Kama chuo kinakata marks kwa kila kipindi ulichokosa, basi unamwambia mtu achague kati ya presha yake kupimwa na testi ya dakika ishirini. Kukosa kipindi kwa sababu ya kliniki kusihesabiwe, kadi yenyewe ina tarehe na mhuri, ushahidi gani mwingine mnataka?

Baada ya kujifungua ndo watu wanajua wamemaliza, kumbe. Mtoto mchanga ananyonya kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24, usiku na mchana, na ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Hebu piga hesabu ya mama aliyerudi darasani mtoto akiwa na miezi miwili, ana vipindi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Ni saa saba. Ndani ya hizo saa saba anatakiwa akamue kama mara mbili au tatu, asipokamua maziwa yanajaa, titi linakuwa gumu kama jiwe, linauma, linavuja mpaka blauzi inalowa mbele za watu, na ikiendelea hivo linaweza kupata uvimbe wenye homa akalazwa, na maziwa yenyewe yanaanza kupungua kwa sababu mwili unaona hayahitajiki. Anakamulia wapi? Niliowauliza wote waliniambia chooni. Chakula cha mtoto kinaandaliwa chooni, umesimama, mlango unaushikilia kwa mguu kwa sababu kitasa kimekufa. Af ukishakamua, kwenye joto la kawaida la chumba maziwa yanakaa kwa muda wa kama saa nne tu, kwenye friji yanafika hata siku nne. Kwa hiyo maziwa ya saa nne asubuhi bila friji hayafiki jioni, anayamwaga.

Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti, soketi, sinki la kunawa mikono na friji ndogo. Chuo chenye majengo kadhaa kinashindwa nini hapo? Nimeona vyuo vina chumba cha kuhifadhia viti vilivyovunjika, vipana kabisa, miaka na miaka. Hili halihitaji mfadhili wala utafiti wala kamati, ila ukilipeleka ofisini utasikia bajeti.

Nikiri kuna walimu wema sana. Mmoja alikuwa anamruhusu mwanafunzi aingie na mtoto darasani, mtoto akilia anambeba yeye mwenyewe huku anafundisha, na tulimpenda kwa hilo. Lakini nimefika mahali sitaki tena kusifia wema wa mtu mmoja mmoja kama ndio jibu. Mwanafunzi ana kosi sita kwa semista, maana yake anaenda kuomba kwa walimu sita, ajieleze mara sita, mwili wake ujadiliwe mara sita, na wanne wakikubali wawili wakakataa bado amekwama. Na yule anayejua kuongea, mwenye ujasiri, anapata, yule mpole ambaye baba yake hajui kama ana mimba hapati kitu. Wengine wanaombwa malipo ya namna nyingine kwa huo upendeleo, tunajua. Ndo maana nasema iandikwe, iwe ni haki yenye kifungu, aende ofisi moja, mara moja, na walimu wote wapokee maelekezo kwamba huyu asaimenti zake zinasogea mpaka tarehe fulani, bila kuambiwa kwanini.

Hapa kuna watu watasema tunahamasisha wasichana wazae vyuoni. Nimelisikia mara nyingi na nalijibu kwa dhati. Sijawahi kukutana na binti aliyebeba mimba kwa sababu chuo kina friji. Mtoto kulelewa huku unasoma ni kazi ngumu kiasi kwamba hamna chumba wala ratiba itakayoifanya ivutie. Tunachochagua ni kitu kimoja tu, kwamba mimba ikishakuwepo, huyu mtu anamaliza digrii au hamalizi, na mtoto wake anakua na mama mwenye cheti au asiye nacho.

Wengine wanasema siyo haki kwa wenzake, wao wamefanya mtihani siku yake yeye afanye baadaye. Hii hoja naiheshimu kidogo maana wanafunzi wanaosema hivyo wanasumbuka kweli. Ila angalia wanamichezo. Timu ya chuo ikisafiri kwenye mashindano wiki ya testi, wachezaji wanapangiwa testi nyingine wakirudi, barua inatoka juu, walimu wanatii, na hamna anayelalamika. Utaratibu upo, umejaribiwa, unafanya kazi, kumbe mtihani wa pili hauwezi kuivunja haki ya mtu. Tofauti ni nani tumeamua anastahili kusubiriwa.

Akina baba wanafunzi nao tunawasahau. Wapo, wengine wapo darasa moja na mama wa mtoto. Yeye anaendelea na masomo kama kawaida, hamna anayemuuliza mwaka anaahirisha lini, na akitaka kweli kusaidia, usiku mmoja mtoto ana homa na asubuhi kuna presentesheni ya kundi, hana hata fomu ya kujaza. Tukiwapa na wao ruhusa, mzigo unagawanyika, na mama anapata angalau vipindi vyake.

Kulea mtoto mchana ndio kipande kigumu na hapa ndo hela zinahitajika kweli. Hosteli nyingi haziruhusu mtoto kulala, kwa sababu zinazoeleweka za usalama na msongamano, kwa hiyo mzazi analazimika kupanga nje, mbali, kwa gharama ya juu, na bado atafute mtu wa kukaa na mtoto. Marekani serikali kuu ilianzisha mpango tangu 1998 wa kuvipa vyuo ruzuku kwa ajili ya malezi ya watoto wa wanafunzi wenye kipato cha chini, na kule takribani mwanafunzi 1 kati ya 5 wa shahada ya kwanza ni mzazi. Sisemi kila chuo kijenge kituo kesho. Vyuo vingine vina idara za elimu ya awali zenye wanafunzi wanaotafuta sehemu ya kufanya mazoezi ya kulea, na mita mia mbili kutoka hapo kuna wazazi wanaotafuta pa kuacha watoto, na hizo pande mbili hazijawahi kuongea.

Na kichwa cha mama mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea inakaribia asilimia 20. Hawa ni mama wote kwa ujumla. Mwongezee mitihani, madeni, usingizi wa saa tatu na wazazi waliokasirika. Mshauri wa wanafunzi anayejua kuuliza maswali sahihi wiki ya sita baada ya kujifungua anaweza kumwokoa mtu, lakini hawezi kuuliza kama chuo hakijui nani amejifungua.

Maana hilo nalo, vyuo vingi havihesabu. Waulize wangapi wana ulemavu watakupa namba, waulize wangapi wameshindwa ada watakupa, waulize wangapi walipata mimba mwaka jana na wangapi wakamaliza, kimya. Fomu ya kuahirisha ina kisanduku cha sababu binafsi na humo ndimo wote wanamoingia, aliyefiwa, aliyekosa hela, aliyejifungua. Mkuu wa chuo akiambiwa kuna tatizo anaangalia takwimu zake na hazionyeshi kitu, na anasema kweli.

Mwenzetu yule aliahirisha. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mwaka uliofuata hakurudi, hela haikuwepo, akarudi ule wa pili yake na akakuta mtaala umebadilika, kosi mbili alizokuwa ameshafaulu hazikuhesabiwa. Mitihani ile miwili aliyoomba asogezewe ilifanywa tena na wenye sapu, yani waliofeli wanaorudia mtihani, kama wiki tisa baada ya mitihani ya kwanza, kwenye ukumbi uleule. Najua kwa sababu mimi kama kiongozi wa darasa ndiye niliyebandika orodha ya majina mlangoni. Karatasi zilikuwa zimeshatungwa, wasimamizi walikuwepo, na safu mbili za viti za nyuma hazikuwa na mtu.